Usimpe fundi advansi kabla hujasoma mita yako usiku

Mkuu, usilipe. Hiyo advansi anayoitaka fundi wako wa sola Ijumaa, usilipe hata shilingi. Salamu zitafuata baadaye.

Nimeona makadirio uliyoandikiwa nikadhani mtu kaiba karatasi yangu ya mwaka 2023 akabadilisha jina la juu. Nyumba ya vyumba vitatu Goba, friji moja, TV, pangaboi tatu, pampu ya kisima, LUKU ya kama elfu hamsini kwa mwezi. Fundi kakupangia inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya kVA 3, betri mbili za risasi za Ah 200 (ampea-saa, ujazo wa betri), paneli nne za wati 300, na chini kaandika "mfumo wa nyumba nzima". Wewe unauliza paneli zielekee wapi, zitadumu miaka mingapi, masika itakuwaje, AC ya chumbani itabebeka, na kama ziada unaweza kuwauzia TANESCO. Kuhusu betri hujauliza neno. Hata mimi sikuuliza, na huko ndiko hela yangu ilikozikwa.

Tuanze na hiyo kVA. Wauza sola wanaipenda kwa sababu ni namba kubwa na haiwabani. kVA inakwambia unaweza kuwasha vitu vingapi kwa mpigo, basi. Vitawaka mpaka saa ngapi, hiyo haimo. Chukulia tangi la maji juu ya mnara: kVA ni upana wa bomba linaloshuka, betri ndiyo ujazo wa tangi. Weka bomba la inchi mbili kwenye tangi la lita mia, utaoga kwa fujo dakika moja halafu ubaki na sabuni machoni. Mimi niliuziwa bomba.

Sasa hesabu yako. Betri moja ya volti 12 na Ah 200, ukizidisha, ni wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4, uniti hizi hizi unazonunua kwenye LUKU. Mbili ni 4.8. Hapo fundi ananyamaza, lakini ngoja niendelee. Betri ya risasi, iwe imeandikwa jeli, AGM, au ina picha ya simba, ukitaka ikae nawe miaka usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo una 2.4. Inveta yenyewe inakula ikiwa imewashwa tu, nyingi kama wati 50 hivi; kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi hiyo ni uniti 0.6. Umebaki na 1.8. Pangaboi tatu za wati 70 kwa saa nane ni karibu 1.7. Nakuachia sehemu ya kumi ya uniti kwa ajili ya friji, TV, taa, ruta na simu za watoto. Na hapo nimechukulia kwamba jioni betri zilikuwa zimejaa pomoni, jambo ambalo kwa paneli hizo nne utaliona siku chache tu.

Ndiyo maana nasema usilipe.

Yangu ilikuwa hivi. Mwisho wa 2023, mgao umekolea, nakaa Kinyerezi. Ndiyo, Kinyerezi hiyo hiyo yenye mitambo ya gesi ya kufua umeme. Mitambo ipo jirani na sisi tuko gizani, cheka tu, wenzako wameshacheka. Mama watoto ana friza la juisi ya ukwaju na barafu za watoto, na friza likiyeyuka biashara imeyeyuka. Nikaenda Kariakoo kwenye duka moja, jamaa kavaa shati safi, meza ina kioo, nikajua hapa ndipo. Swali aliloniuliza lilikuwa moja: "Bajeti yako shingapi, kaka?" Hakuuliza nina vyombo gani, wala usiku natumia nini, wala friza ni la ukubwa gani. Nikataja bajeti, na maajabu ya Mungu mfumo nilioupata ukawa unagharimu kiasi kile kile nilichotaja, zaidi ya milioni tano. Inveta kVA 5, betri nne za Ah 200, paneli sita. "Kaka, hapa unaisahau TANESCO."

Akanitumia na fundi wake. Kijana mchangamfu, kamaliza mchana mmoja, nyaya zimenyooka, nikampa na ya soda. Alichofanya kwenye seti za inveta, yaani mipangilio yake, nilikuja kukielewa nikiwa nimeshaumia: aliiweka itumie sola na betri kwanza, TANESCO iwe ya mwisho kabisa, na kiwango cha kukata betri, yaani volti ambayo inveta inaacha kuinyonya betri, akakiacha kama kilivyotoka kiwandani, volti 42. Gawanya kwa betri nne, ni 10.5 kila moja. Betri ya risasi ikifika 10.5 imekwisha kabisa, imekomba hadi sufuria. Nusu yake, ikiwa imetulia bila mzigo, ni kwenye 12.1 au 12.2. Kwa hiyo kila usiku, hata usiku ambao TANESCO ilikuwepo, mfumo wangu ulikuwa unazinyonga betri zangu kwa bidii ya hali ya juu, na asubuhi paneli zinaanza kuzifufua huku friza linavuta mchana kutwa. Hazikujaa hata kidogo. Betri ya risasi isiyojazwa inaota chumvi ya salfeti kwenye sahani zake, na kadiri chumvi inavyokaa ndivyo nafasi ya kuweka umeme inavyopungua. Ongeza kwamba nilikuwa nimeziweka stoo chini ya bati. Betri hizi zimepimwa kwa joto la nyuzi 25, na inakadiriwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha yake kama nusu. Stoo yangu mwezi wa pili, ukiingia unatoka umeloa.

Mwaka haukuisha. Inveta ikaanza kulia saa nane usiku, baadaye saa sita, baadaye wakati wa taarifa ya habari. Mama watoto akaniuliza kama nimenunua sola au mapambo ya bati. Nikaenda kuchungulia stoo, betri mbili zimevimba ubavuni.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipopigwa mara ya pili, na kwa mdomo uleule. Nikarudi kwa yule wa shati safi na gwaranti yangu ya mwaka mmoja. Akaangalia picha, akasema zimevimba kwa matumizi mabaya, gwaranti haihusiki. Matumizi mabaya! Seti kaweka fundi wake! Halafu kwa sauti ya huruma: "Lakini kaka usihangaike, badilisha hizo mbili tu, mbili nyingine bado nzima." Nikatoa tena zaidi ya milioni. Kwa hiari yangu, na nikamshukuru.

Mkuu, usichanganye betri mpya na kuukuu kwenye mstari mmoja, hata fundi akiapa kwa mama yake. Zikiunganishwa kwa mfuatano, chaji inayopita ni ileile kwa zote, lakini ile iliyochoka inapandisha volti haraka, chaja inaona jumla imefika inadhani kazi imekwisha, na zile mpya zinabaki nusu njaa. Usiku iliyochoka inaanguka mapema na kuzivuta wenzake. Ndani ya miezi michache nikawa na betri nne kuukuu badala ya mbili. Zote nimewauzia wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Angalau risasi ina bei.

Na kichekesho cha mwisho: wakati betri zangu zinakata roho, mitambo ya Bwawa la Nyerere nayo ilikuwa imeanza kuwashwa, mgao ukapungua. Sikumwambia mama watoto kwamba tungevumilia kidogo tu. Usimwambie na wewe.

Sasa fanya hivi, na kama hutafanya hivi usifanye kingine chochote. Leo saa kumi na mbili jioni nenda kwenye mita ya LUKU, soma uniti zilizobaki, piga picha. Asubuhi saa kumi na mbili soma tena. Toa. Hicho ndicho nyumba yako inakula jua likiwa limezama. Fanya wiki nzima, maana Jumamosi wageni wapo na Jumatano hawapo, na usinunue uniti katikati ya usiku ukavuruga hesabu. Chukua usiku mkubwa kuliko yote, siyo wa wastani. Kwa LUKU ya elfu hamsini, ikiwa elfu kumi inakupa kama uniti 28, unatumia karibu uniti 140 kwa mwezi, kati ya nne na nusu na tano kwa siku. Sitashangaa usiku wako ukiwa tatu. Lakini sitaki kubahatisha, nilishabahatishiwa.

Namba hiyo ikipatikana, jumlisha ulaji wa inveta, halafu ndiyo unaanza kuongea na muuzaji, na unaongea kwa uniti. "Nataka betri inayonipa uniti nne usiku bila kuidhulumu." Akirudi kwenye kVA, mrudishe. Kwa risasi uniti nne za kweli ni nne za Ah 200 na bado unabanana. Kwa lithiamu, nazungumzia ile iliyoandikwa LiFePO4, betri moja ya volti 51.2 na Ah 100 ni uniti 5.1, na unaweza kutumia asilimia 80 au 90 yake usiku kwa usiku bila kuiua. Boksi moja linalobebwa na watu wawili linafanya kazi ya nne zenye kilo kama sitini kila moja. Bei ya kununua iko juu, sikatai. Lakini risasi ukiichosha kila siku unahesabu mizunguko ya kujaza na kutumia kwa mamia, lithiamu kwa maelfu. Ninayo sasa hivi, friza linagandisha, na hela niliyotupa kwenye risasi ingeinunua ikabaki chenji. Hakikisha tu inveta yako inaikubali, na fundi abadilishe seti ya aina ya betri. Simama naye pale, mwambie akuonyeshe kwenye kioo cha inveta.

Na kama mfuko unakulazimisha risasi, basi nunua zote siku moja, toleo moja, pandisha kiwango cha kukata, acha TANESCO ikiwepo ibebe usiku, na betri zisubiri umeme ukikatika. Utazika chache.

Haya, maswali yako. Paneli: zielekee kaskazini, mlalo mdogo, nyuzi kumi hivi, mvua iweze kuosha vumbi la barabara za Goba. Miaka 25 zinafika zikiwa halisi, kwa hiyo beba futi kamba. Jua kamili linamwaga kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba na paneli nzuri inakamata karibu asilimia 20, kwa hiyo wati 300 inataka kama mita moja na nusu ya mraba. Wakikuletea kidude cha nusu mita kimeandikwa 300, hapo umeletewa stika. Kama kuna mwembe unaotupa kivuli juu ya bati, hata kona moja ya paneli ikifunikwa, mstari mzima wa paneli unazubaa. Masika haiharibu paneli, mawingu ndiyo yanapunguza, hivyo usikadirie zaidi ya saa nne za jua kamili kwa siku, na hizo ukate tena robo kwa joto na vumbi. Zako nne zinabaki na uniti tatu na nusu hivi, na mchana friji na pampu vinachota humohumo. Pampu iwashe saa sita mchana, isiguse betri kabisa.

AC kwa betri mbili? Ya BTU 9,000 inavuta kwenye wati 800. Utapoa saa mbili kisha utoke jasho na deni juu. Na kuwauzia TANESCO, mkuu, saa nane usiku utauza nini?

Risiti ya EFD dai, namba za betri ziandikwe juu yake pamoja na gwaranti, na fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji. Wangu aliniambia ameiacha nyumbani, nikamwelewa.

Ijumaa fundi wako akipiga simu, mwambie unasubiri wiki moja unasoma mita. Ukishapata, leta hapa usiku mkubwa ulikula uniti ngapi, tukupigie hesabu ya betri pamoja. Akikuuliza mita inahusiana nini na sola, tafuta mwingine.