Kuikatia intaneti programu ya kuskani nyaraka

SWALI: Simu yangu ni Android. Programu ninayoskania vitambulisho na mikataba nimeizimia data ya chinichini, lakini bado inatumia intaneti. Nitaizuiaje kabisa bila kuruti simu (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake)?

JIBU: Swichi uliyoizima huzuia data ya simu pale tu programu inapokuwa nyuma ya pazia. Ukiifungua, au ukiwa kwenye Wi-Fi, inatuma kama kawaida. Usihangaike kutafuta ruhusa ya intaneti kwenye orodha ya ruhusa: Android huitoa yenyewe programu inaposakinishwa, bila kukuuliza, na simu nyingi hazina mahali pa kuiondoa.

Tumia NetGuard au Rethink, programu za kuzuia programu nyingine zisifike mtandaoni. Msimbo wa zote mbili uko wazi kwa yeyote kuukagua. Hujiandikisha kwenye simu kama VPN, yaani njia ambayo data ya simu hupitishwa kabla ya kwenda mtandaoni, lakini data ya programu uliyoizuia huishia humo humo ndani ya simu. Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja, hivyo kama una VPN nyingine, itazimika.

Kabla ya kuzuia, acha Rethink iandike kumbukumbu kwa siku nzima. Utaona programu imewasiliana na seva zipi na saa ngapi. Yaliyotumwa huwezi kuyasoma, kwa kuwa kwa kawaida husafiri yakiwa yamesimbwa, ila majina ya seva yanatosha kukupa picha. Skana inayoita seva za matangazo kila unapopiga picha ya kitambulisho, ningeiondoa kabisa badala ya kuizuia.

Unapoizuia skana, ifungie Wi-Fi na data ya simu, zote mbili. Wengi husahau moja. Kisha iondoe NetGuard au Rethink kwenye udhibiti wa betri na uweke VPN yake iwe imewashwa kila wakati. Usipofanya hivyo, simu inaweza kuizima ili kuokoa chaji, na njia ikafunguka bila wewe kujua. Huduma za Google Play usiziguse, maana arifa za programu nyingi hupitia huko.

Jihadhari pia na kuifungulia "dakika tano tu". Programu nyingi hukusanya taarifa zikiwa nje ya mtandao, kisha huzituma zote mara njia inapofunguka. Hata kusasisha si sababu ya kuifungulia: Play Store ndiyo inayopakua toleo jipya, si skana yenyewe.