Kiwanda cha ngozi kimefungwa: je, zege linatosha kabla ya kujenga makazi?

SWALI: Mtaani kwetu kuna kiwanda cha ngozi kilichofungwa miaka mingi iliyopita, na uwanja wake wa ekari kama 30 umezungushiwa ukuta. Mwekezaji anataka kujenga humo nyumba za kuuza. Anasema udongo utafunikwa kwa kifusi na zege, ukuta utabaki, na geti litakuwa moja kwa ajili ya usalama. Sisi wajumbe wa serikali ya mtaa tumeombwa maoni. Je, kufunika kunatosha? Na tudai nini?

JIBU: Ndugu mjumbe, kufunika kunaweza kutosha sehemu moja ya uwanja huo na kuwa hatari sehemu nyingine, na hakuna mtu, awe mwekezaji au mtaalamu, anayeweza kusema ni sehemu ipi kabla udongo na maji ya chini havijapimwa. Dai lenu la kwanza liwe hilo: ramani ya uchafuzi itangulie mchoro wa nyumba, maana ndiyo itakayoonyesha wapi pajengwe, wapi pabaki bustani na wapi pachimbwe na kusafishwa.

Katika kiwanda cha ngozi manyoya huondolewa kwa chokaa na salfaidi, kisha, katika viwanda vingi, ngozi hutiwa chumvi za kromiamu, aina ya metali, ili isioze. Kromiamu hiyo si aina iliyo hatari zaidi, lakini tope au mabaki ya ngozi yakichomwa moto, sehemu yake huweza kugeuka kuwa kromiamu sita, ambayo husababisha saratani. Maabara iombwe kupima aina zote mbili, kwa sababu kipimo cha jumla hakizitenganishi. Kabla ya kuchimba shimo hata moja la sampuli, watafuteni wazee waliofanya kazi humo, wawaonyeshe tope lilikokuwa likianikwa, mfereji ulikopita, tangi la mafuta ya boila lilikozikwa na transfoma iliposimama. Mpimaji asiye na maelezo hayo huchimba kwa nafasi sawasawa uwanja mzima, na anaweza kulipita shimo la tope kwa hatua chache tu. Tazameni na paa: kama ni la asbesto, vipande vyake vilowanishwe na kuteremshwa vikiwa vizima, na mafundi wenye kibali, visivunjwe kwa nyundo, kwani vumbi lake ndilo linaloua.

Sasa nije kwenye zege. Madhara hutokea pale sumu inapopata njia ya kumfikia mtu. Zege au udongo safi hukata njia moja, yaani watoto hawaushiki tena udongo mchafu wala vumbi lake halipeperuki. Hakuna zege linalozuia maji yanayopita chini kwa chini, na mvuke wa vimiminika vya kuondolea mafuta huweza kupanda hadi vyumbani kupitia nyufa za sakafu. Nalitilia mkazo jambo jingine linalohusu miji yetu: mwenye nyumba akishahamia huchimba shimo la choo, wakati mwingine kisima, na nyuma ya nyumba hupanda mchicha, na kila jembe linaloshuka hutoboa lile funiko. Kwa hiyo funiko lina maana ikiwa tu bomba la maji na mtandao wa majitaka vimejengwa kwanza, na katazo la kuchimba limeandikwa katika hati ya kila kiwanja, ili mnunuzi wa miaka mingi ijayo naye alijue. Kati ya udongo safi na ule wa zamani patandikwe kitambaa kigumu cha rangi kali, ambacho fundi akikifikia ataelewa kwamba hapo asimame.

Msidhani kiwanda kikifungwa sumu nayo huondoka. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini madini ya risasi yalibaki katika udongo wa makazi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe.

Maji ya mvua yanahitaji uangalifu wa pekee. Katika ardhi safi napenda mvua izame hapo hapo inaponyesha. Katika ardhi yenye sumu, mvua inayozama huisukuma sumu kuelekea visima vya majirani. Mji wa Malmö, Uswidi, ulipoanza kugeuza eneo la zamani la kuundia meli la Västra Hamnen kuwa makazi, kwa maonyesho ya nyumba ya Bo01 ya mwaka 2001, mvua iliongozwa juu ya ardhi katika mifereji ya wazi, ikapita kwenye vidimbwi vya mimea hadi baharini. Mifereji ya namna hiyo, iliyosakafiwa chini, inawafaa, mradi iwe na mteremko wa kutosha ili maji yasituame na kuzaa mbu.

Ukuta na geti moja visikubaliwe hata kidogo. Bila shaka ukuta huo ndio unaowafanya watu wenu wauzunguke uwanja mzima kwenda sokoni au kituo cha basi, na mwekezaji anataka hali hiyo iwe ya kudumu. Hammarby Sjöstad, Stockholm, palikuwa eneo la viwanda na bandari. Wapangaji walilikata kwa vitalu vya takriban mita 70 kwa 100, kama vya mji wa kale, na tramu ilifika mwaka 2002, katika miaka ya mwanzo ya wakazi kuhamia, hivyo hawakulazimika kutegemea gari. Daini barabara zinazopenya uwanja na kuungana na mitaa iliyopo pande zote, zichorwe kama ardhi ya umma na kukabidhiwa halmashauri kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, kwani hati zikishatoka, kupata njia ni kulipa fidia. Usalama mtaupata zaidi kwa maduka na mabaraza yanayotazama barabara.

Kama mko Tanzania, kubadili matumizi ya ardhi hupitia Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na tathmini ya athari kwa mazingira husimamiwa na taasisi ya taifa ya mazingira, NEMC, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Maoni yenu yafike kwa maandishi katika hatua zote mbili. Na ikiwa uwanja bado haujauzwa, pendekezeni gharama ya kuusafisha ikatwe katika bei yake sasa, kwa sababu baada ya mauzo mwekezaji ataihamishia kwa wanunuzi wa nyumba au ataiacha ardhini.