Maswali na Majibu: Bakteria Sugu kwa Mionzi

D10 ya bakteria *E. coli* ni ngapi? Chapisho moja linasema 0.2 kGy (kilogrei, kipimo cha dozi ya mionzi), jingine 0.4.

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hasemi aliwaoteshaje. D10, yaani dozi ya mionzi inayobakiza hai bakteria mmoja kati ya kumi, si mali ya bakteria peke yake. Ukiwavuna wakiwa bado wanazaliana kwa kasi, watakufa upesi. Ukiwaacha saa 18 kwenye nyuzi 37 mpaka ukuaji utulie, jeni za kujihami zinazoongozwa na protini iitwayo RpoS zitakuwa zimeshawashwa, na usugu hupanda. Ukiongeza glukosi asilimia 1, watatengeneza asidi hadi pH ishuke chini ya 5. Waliozoea asidi huistahimili miale ya gama vizuri zaidi.

Sasa piga hesabu. Kupunguza mara 100,000 kunataka D10 tano: kwa 0.2 ni kGy 1, kwa 0.4 ni kGy 2. Anayepanga dozi ya nyama kwa kutumia D10 ya bakteria wachanga, wanaozaliana bado, anawaachia walaji hatari. Namba isiyotaja umri wa bakteria, mchuzi (kimiminika cha kuwaoteshea) na pH, itupeni.

Nyama iliyoganda inahitaji dozi kubwa zaidi?

Ndiyo. Kwenye barafu radikali za maji, yaani vipande vikali ambavyo mionzi huvizalisha kwenye maji, hazisafiri kuifikia DNA.

Mirija miwili, dozi ileile, lakini mmoja una manusura wengi. Kwa nini?

Oksijeni. Ikikosekana, *E. coli* huweza kuhimili dozi mara 2 hadi 3 zaidi. Bakteria waliosongamana kwenye mrija uliofungwa huimaliza wenyewe kwa kupumua, hata kabla hujafika kwenye kobalti, chanzo cha mionzi. Punguza msongamano, pitisha hewa, na mirija yote isubiri muda uleule.

Bakteria wangu wa Deinococcus wamepungukiwa usugu kwa mionzi. Wamebadilika kijeni?

Kabla ya kusingizia jeni, angalia chakula. *Deinococcus radiodurans*, aliyegunduliwa Oregon mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi, hutegemea sana manganisi kulinda protini zake, vikiwemo vimeng'enya vya kukarabati DNA. Ukimwotesha kwenye mchuzi wa kemikali tupu wenye manganisi kidogo, usugu hushuka. Mrudishe kwenye triptoni, glukosi na dondoo ya hamira, nyuzi 30 hadi 32, kisha pima upya.

Tena msihesabu makoloni mapema: waliojeruhiwa huchelewa kuota, kwa hiyo wape siku kadhaa zaidi. Na wenye *E. coli*, acheni kuwahesabu manusura kwenye agari ya MacConkey (jeli ya kuoteshea bakteria). Chumvi zake za nyongo huwazuia majeruhi wasiote, nawe unaandika kwamba wamekufa.