Albamu ya pili ya Wire, mimi ndo sielewi au watu wanajifanya?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni fundi simu hapa Tanga, Ngamiani. Miaka ya nyuma jamaa yangu baharia aliniwekea kwenye flashi albamu mbili za Wire, bendi ya panki ya Uingereza (panki ya muziki, siyo ile ya kunyoa). Ya kwanza, Pink Flag, niliipenda siku hiyohiyo. Ya pili, Chairs Missing, niliisikiliza mara mbili nikaona jamaa wamepoa, nikaifuta nipate nafasi ya kuweka singeli. Sasa kila anayejua haya mambo ananiambia ya pili ndo kali zaidi. Juzi nimeitafuta tena, bado nyimbo tatu tu ndo zimenishika. Mi ndo sielewi au watu wanajifanya?
Fundi, Ngamiani

JIBU: Marahaba fundi. Usijione mshamba, mi yangu ilikuwa kaseti na niliirekodia taarabu juu yake bila hata kusikitika.

Tatizo ni ile ya kwanza bana. Pink Flag ya 1977 ina nyimbo 21, idadi ileile ya barabara zenu za Ngamiani, na zote zinaisha ndani ya dakika kama 35, kuna mmoja haufiki hata nusu dakika, yaani hujakaa vizuri umeshaisha. Muziki wa hivyo hata ukiuweka pembeni ya jenereta unakufikia. Afu 1978 wanakuja na Chairs Missing, nyimbo 15, prodyuza yuleyule Mike Thorne ila safari hii na vinanda anapiga, mambo yanaenda taratibu, we ulizoea makofi sasa unanong'onezwa.

Sasa nikuulize, uliisikilizia wapi? Maana mi nilikuwa na wokmani kwenye basi la Muheza, madirisha wazi, konda anagombana na mama wa ndizi, na spika ya sikio la kushoto imekufa. Wimbo wa "Heartbeat" unaanza chini kabisa ndo unapanda polepole, mi kwenye lile basi sikusikia kitu, nikatoa kaseti nikaipuliza nikijua mkanda umeliwa.

Kilichonirudisha ni mchungwa. Niko shamba Muheza miaka mingi baadaye, nikaona jani changa limejikunja, lina mchoro wa rangi ya fedha unazunguka zunguka kama mtu kajaribu kalamu, ukilielekeza juani unakiona kiwavi kidogo sana kimelala humohumo ndani ya ngozi ya jani, kinakula kikisogea. Nikamuuliza bwana shamba, akasema huyo ndo mchimba majani. Sasa kwenye Chairs Missing kuna wimbo "Outdoor Miner", mi siku zote nikidhani ni habari za wachimba madini, kumbe mpiga besi wao Graham Lewis aliandika kuhusu mdudu wa aina hiyohiyo, anayeishi ndani ya jani! Haufiki dakika mbili na kiitikio chake kitamu mno. Usiku ule nikaitafuta albamu kwenye simu, umeme umekatika, mtaa mzima kimya, na "Heartbeat" nikausikia tangu mwanzo kwa mara ya kwanza.

Kwamba ni kali kuliko ya kwanza, hapo mimi simo. Asubuhi nikitaka kuamka naweka Pink Flag. Na kwenye hiyo ya pili, "I Am the Fly" (yaani Mimi ndo Nzi) mpaka leo unanikera, gitaa linakwaruza kama nzi kweli kaingia sikioni, na nahisi ndo walivyotaka wenyewe. Wapo wanaojifanya pia, ila siyo wote.

Nyimbo tatu siyo mbaya fundi. Hujanitajia ni zipi lakini, kama "Heartbeat" haumo basi siku moja funga kibanda, zima feni, uurudie.