Maswali na majibu: Mwendokasi kabla ya kutoka yadini

Maswali ya wasomaji kuhusu mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam safari hii yanahusu zaidi karakana kuliko vituo.

Kwa nini alfajiri mabasi hupita Magomeni matupu, bila kusimama, yakielekea Kimara?

Huduma ilipoanza Mei 2016, karakana ilikuwa Jangwani, karibu na mjini, ilhali abiria wa asubuhi wamejaa Kimara. Basi hulazimika kwenda zaidi ya kilomita 10 likiwa tupu, na likisimama njiani linachelewa kufika penye foleni. Kwa maoni yangu, sehemu ya mabasi ingelazwa Kimara kwenyewe, pakiwa na ulinzi na fundi wa zamu.

Je, mabasi hayo hayawezi kupelekwa kwenye njia za daladala zenye uhaba?

Kwa sehemu kubwa hayawezi. Vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara, kwa hiyo milango ya kupandia iko kulia, nayo sakafu imenyanyuliwa ilingane na jukwaa la kituo, ilhali daladala hupakia abiria upande wa kushoto, kando ya barabara.

Basi lililoingiliwa na mafuriko likikauka, si linarudi kazini?

Nje litang'aa, lakini uharibifu umejificha. Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, na maji yake ya tope yameingia katika karakana hiyo mara kadhaa. Fundi akifungua nati ya kumwagia oili ya gia, kinachotoka kina rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa maji yameshachanganyika na oili, na oili ya namna hiyo hailindi tena chuma. Beringi za magurudumu husagika polepole, na soketi za umeme huota kutu, hata hitilafu ikajitokeza miezi kadhaa baadaye, watu wakiwa wamesahau mvua. Ndiyo maana ninauunga mkono kwa dhati mpango wa kuihamisha karakana hiyo, uliomo katika mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Mabasi mapya yakilazwa bondeni, tutakuwa tunanunua vipuri kila masika.

Nina leseni ya daraja C na nimeendesha basi la mkoani kwa miaka mingi. Nifundishwe nini tena?

Ndugu yangu, uzoefu wako ni mtaji mkubwa, lakini basi la mita 18 lenye kiungo katikati hukata kona kwa namna nyingine: magurudumu ya nyuma huingia ndani zaidi kuliko ya mbele. Zoezi hilo hufanywa yadini kwa koni, basi likiwa tupu. Utajifunza pia kulisogeza hadi ubavu ukaribiane kabisa na jukwaa, mama mwenye mtoto mgongoni asilazimike kuruka pengo. Kisha kuna ukaguzi wa alfajiri: zima injini, utazame mshale wa upepo wa breki. Mshale ukishuka haraka hali hujagusa pedali, upepo unavuja, na basi hilo lisitoke hata kama foleni ya Kimara imefika barabarani.