Daftari la Maamuzi: Ushauri kwa Mwanafunzi Anayetengeneza Filamu Fupi

Mwanafunzi anapopewa kazi ya kutengeneza filamu fupi chuoni, mara nyingi hutakiwa pia kuwasilisha taarifa ya tafakuri inayoeleza namna alivyofikia filamu hiyo. Wengi huipa filamu nguvu zao zote, kisha taarifa huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, ikiwa imejaa maneno kama «tulipitia changamoto mbalimbali» ambayo hayamwambii msomaji chochote. Nilitengeneza filamu yangu ya mwaka wa mwisho jijini Dar es Salaam, na tangu hapo nimekaa na wadogo zangu kadhaa wa fani hii wakitengeneza za kwao. Nilichokiona kinanifanya nishauri jambo moja: anza kuandika tafakuri siku ile ile unapopata wazo, kwa sababu inaweza kukusaidia kutengeneza filamu yenyewe, na alama utakazopewa kwa ajili yake ni faida ya ziada tu.

Kumbukumbu ya msanii ina tabia ya kujipendelea. Filamu ikishapata sura yake ya mwisho, akili huanza kupanga upya yaliyotokea, na kile kilichopatikana kwa bahati kinaonekana kama kilikusudiwa tangu mwanzo. Mwaka 1983 mwanazuoni wa Kimarekani Donald Schön alitofautisha tafakuri inayofanyika katikati ya kazi na ile inayofanyika baada ya kazi kwisha, na kwa mtengeneza filamu ile ya kwanza ndiyo inayopotea upesi. Nunua kauntabuku la kawaida. Kila mnapoamua jambo, andika mmeamua nini, mmeacha nini, na kwa sababu gani. Hilo la pili ndilo lenye thamani kubwa zaidi, maana kilichochaguliwa kitaonekana kwenye filamu, ilhali kilichoachwa hakitaonekana popote ila humo daftarini.

Uamuzi wa kwanza ni ukubwa wa hadithi. Waandaaji wa tuzo za Oscar huihesabu filamu yoyote isiyozidi dakika 40, pamoja na orodha ya majina, kuwa filamu fupi, lakini mwanafunzi asiichukue dakika 40 kama ruhusa. Dakika saba hadi kumi zinatosha, na zinatosha kwa tukio moja, mahali pamoja, na watu wawili wanaotaka vitu visivyopatana. Filamu yangu ilihusu binti wa kidato cha pili anayekwenda kuchukua sare ya shule ya mdogo wake kwa fundi cherehani wa mtaani Magomeni, akiwa na fedha pungufu. Mswada wa awali ulikuwa na mama mgonjwa, safari ya bodaboda na ofisi ya mwalimu mkuu. Daftari langu linaonyesha kwamba vitu hivyo viliondoka kimoja baada ya kingine, na kila kilipoondoka kibanda cha fundi kilizidi kuwa na uzito, kwa sababu yote tuliyotaka kusema kuhusu mama na shule yalikuwa tayari yamo ndani ya noti zilizokunjwa mkononi mwa binti.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya uandishi wa mswada vinavyotumika vyuoni, vingi vikiwa vya kigeni, havilifundishi, nalo ni salamu. Kanuni inayojulikana ni kwamba ukurasa mmoja wa mswada huwa takriban dakika moja ya filamu. Sasa mwandishi wetu anamwingiza mtu kwa hodi, anakaribishwa, anatoa shikamoo, anaitikiwa, anaulizwa habari za nyumbani, za mama, za masomo, na kabla hajasema kilichomleta nusu dakika imekwisha. Wengine hukimbilia kufuta salamu zote, na matokeo yake ni wahusika wanaozungumza kama watu wasio na wazazi. Mtazamaji wa Kiswahili hulihisi jambo hilo hata asipoweza kulitaja. Ushauri wangu ni kuiacha salamu moja na kuipa kazi ya kufanya. Katika filamu yetu binti anasema «Shikamoo», na fundi anachelewa kidogo kabla ya kujibu «Marahaba» bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Ucheleweshaji ule unatuambia kwamba binti amewahi kuja, kwamba kuna deni, na kwamba fundi ni mtu mwenye adabu ambaye leo hana hamu ya kuwa nayo. Ili kuyasema hayo kwa maneno tungehitaji ukurasa mzima.

Kuhusu vibali nitasema machache. Hapa Tanzania utengenezaji wa filamu unaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu. Kwa hiyo uliza mapema chuoni kwenu utaratibu unaowahusu wanafunzi, na usiingie mtaani bila barua ya chuo na bila kumwona mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkiwa na barua, mtu akihoji kazi yenu mnamwonyesha na mnaendelea. Mkiwa hamna, mchana wote unaweza kuishia ofisini.

Sauti inastahili maneno mengi zaidi, kwa sababu picha hafifu mtazamaji huivumilia, lakini mazungumzo yasiyosikika humwondoa kabisa katika hadithi. Kabla ya kupanga ratiba, nenda kwenye lokesheni, yaani mahali pa kurekodia, saa ile ile utakayorekodi, kaa, rekodi kwa simu, kisha sikiliza kwa spika za masikioni ukiwa umefumba macho. Nilipofanya hivyo pale Magomeni nilisikia mambo ambayo masikio yangu yalikuwa yameshayazoea: bajaji zinazopunguza mwendo kwenye tuta, feni ya kibanda jirani, adhana ya adhuhuri, na spika ya muuza dawa ya panya na kunguni ikirudia tangazo lile lile kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Mengi kati ya hayo yana saa zake, na ratiba inaweza kuyakwepa. Kelele moja haikuwa na saa, nayo ni cherehani yenyewe. Ilikuwa ya kukanyaga, ya chuma, na kila ilipozunguka ilimeza sauti ya yeyote aliyekuwa akizungumza.

Tulikuwa na njia kadhaa. Tungeweza kumwomba fundi aigize kushona bila kushona, au kuingiza mazungumzo upya baadaye studio, jambo linalohitaji muda, fedha na waigizaji wenye uzoefu. Tuliamua kwamba hakuna mhusika atakayezungumza wakati cherehani inazunguka. Uamuzi ule ulitokana na shida ya kifundi tu, na nina ushahidi wa maandishi, lakini ndio uliotupa filamu. Kuanzia hapo mguu wa fundi ukawa unazungumza: akiukanyaga, mazungumzo yamefungwa, akiusimamisha, yuko tayari kusikiliza. Binti anaposema «Fedha haijatimia», fundi hasemi neno. Anarudi kukanyaga. Hakuna sentensi niliyowahi kuandika inayokataa kwa ukali kama sauti ile.

Mengine ya sauti ni ya kawaida lakini husahauliwa. Sogeza maiki karibu na mdomo kadiri picha inavyoruhusu, kwa sababu hakuna kifaa cha bei ghali kinachofidia umbali. Baada ya kila tukio, waombe watu wote wanyamaze na wasisogee, kisha rekodi ukimya wa mahali hapo kwa dakika nzima. Mhariri atautumia kuziba mapengo kati ya shoti moja, yaani kipande cha picha kilichorekodiwa bila kukatizwa, na nyingine. Rekodi pia sauti za vitu peke yake, kama mkasi ukikata kitambaa au kipande cha chaki kikichora mstari. Tena kumbuka filamu itaonyeshwa wapi. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, linalofanyika tangu mwaka 1998, limezoeleka kwa maonyesho yake ya wazi pale Ngome Kongwe, na filamu inayotegemea minong'ono italazimika kushindana na upepo wa baharini.

Kwenye mwanga nitataja jambo moja tu linalowasumbua wanaotumia simu au kamera ndogo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyopangwa kwa ajili ya nchi za hezi 60 huweza kuonyesha mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Panga picha 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, na tatizo hilo kwa kawaida hutoweka.

Sasa tuzungumzie watu. Binti aliigizwa na mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, lakini fundi alikuwa fundi kweli, mzee mwenye kibanda chake, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Mtu wa namna hii usimpe sentensi za kukariri, kwa sababu akili yake yote itakwenda kwenye kukumbuka na uso utakufa. Mpe kazi ya mikono anayoijua. Tulimpa pindo la sketi alimalize, tukamweleza binti anataka nini, tukamwachia achague maneno. Wakati wa mazoezi nilimwomba amtazame binti wakati anaitikia salamu huku akishona, akacheka na kuniambia, «Mwanangu, fundi anayeshona huku anatazama watu usoni, sindano itamla kidole.» Ile «Marahaba» isiyoinua macho niliyoieleza hapo juu ilitoka kwake, na kama nisingeiandika jioni ile, leo ningekuwa naisimulia kama ubunifu wangu. Na mlipeni. Kila saa anayokaa nanyi ni suruali ambayo haishonwi, na wateja wake hawaijui ratiba ya chuo chenu.

Katika uhariri daftari hugeuka kuwa mshauri, na wakati mwingine kuwa mpinzani. Shoti ambayo tuliihangaikia sana, ile ya binti akitembea uchochoroni jua likizama, ilikuwa nzuri kuliko zote, na ilikaa katika kila toleo la mwanzo. Nilipofungua ukurasa wa siku ile nikakuta sababu iliyoandikwa ni «mwanga mzuri». Hapakuwa na neno hata moja kuhusu binti. Tuliiondoa. Nashauri utazame filamu yako mara moja ukiwa umezima sauti, na mara nyingine ukiwa umeipa skrini mgongo ukisikiliza tu, kwa sababu kila hali hufichua udhaifu ambao nyingine huufunika.

Unapofanya kazi na mtu asiye mwigizaji, nguvu ya mpangilio wa shoti itakuokoa. Takriban karne moja iliyopita mtengeneza filamu Mrusi Lev Kuleshov alionyesha kwamba uso ule ule wa mwigizaji, ukiwekwa karibu na picha ya sahani ya supu, kisha ya jeneza, husomwa na watazamaji kuwa na hisia tofauti. Sisi tulikuwa na shoti chache sana za uso wa mzee, nyingi akiwa amekaa kimya tu akitupisha kusogeza taa. Moja ya hizo, ilipowekwa baada ya noti za binti, ilionekana kama huruma. Ilipowekwa baada ya sare iliyokwisha kupigwa pasi na kuning'inizwa ukutani, ilionekana kama mtu anayehesabu gharama zake. Tulichagua ya pili, kwa sababu huruma iliyokuja mapema ingeumaliza mgogoro kabla ya wakati wake. Hilo ndilo linalostahili kuandikwa kwenye taarifa ya tafakuri: uamuzi, kilichoachwa, sababu, na athari iliyoonekana kwenye skrini. Mhadhiri hahitaji kusoma kwamba mvua ilinyesha na betri ikaisha, isipokuwa kama mvua hiyo ilibadilisha hadithi.

Kabla hujaifunga filamu, ionyeshe kwa watu ambao hawajausoma mswada, na usiwaulize wameionaje. Sisi ni watu wa adabu. Utaambiwa ni nzuri sana, hongera, na hutakuwa umejifunza lolote. Waombe wakusimulie hadithi waliyoiona, tangu mwanzo, kama wanavyomsimulia rafiki aliyechelewa. Tulifanya hivyo na wanafunzi wa hosteli wasiosoma sanaa, na zaidi ya mmoja wao alisimulia kwamba binti alikwenda dukani kwa baba yake, na kwamba baba yule alikuwa mkatili. Hakuna aliyelalamika kwamba haelewi. Walikuwa wameielewa vizuri hadithi ambayo hatukuitengeneza. Katika shoti tulizokuwa tumerekodi, kulikuwa na moja ambayo binti alisema «Shikamoo, fundi», na mwanzoni tuliiacha kwa sababu upande mmoja wa picha ulikuwa na kivuli cha stendi ya maiki. Tukaipanua picha kidogo hadi kivuli kikatoka nje ya fremu, tukabadilisha shoti, tukawaita watu wengine watazame, na safari hii waliosimulia walianza na deni.