Maswali ya Wasomaji: Kumkodishia Mgeni Gari Lako la Umeme

SWALI: Mimi ni msaidizi wa wauguzi, naishi Brooklyn Park katika jimbo la Minnesota, na nafanya zamu tatu za usiku kwa juma. Mwaka jana nilinunua kwa mkopo Tesla Model 3 ya mwaka 2022, ile inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Siku nne za juma gari hukaa uani bila kazi, na wenzangu kazini wamenishauri nilikodishe kupitia Turo, kampuni ya mtandaoni inayowaunganisha wenye magari na wanaotaka kuyakodi, ili lisaidie kulipa mkopo wake. Mume wangu hataki hata kusikia, maana anasema mtu tusiyemjua atalitokomeza. Mimi naona bima tunayo, kamera zipo, na simu yangu inanionyesha gari lilipo. Je, nani kati yetu ana haki?
Mama wa watoto wawili, Brooklyn Park

JIBU: Dada yangu, mume wako ana haki ya kuogopa, ila hofu yake ameielekeza pasipo na hatari kubwa. Gari linaloonekana kwenye simu yako saa zote ni gumu kutokomezwa. Kilichonishtua katika barua yako ni yale maneno mawili uliyoyaandika kwa utulivu: "bima tunayo".

Bima mnayoilipia kila mwezi ni ya matumizi ya nyumbani. Mikataba mingi ya bima binafsi nchini Marekani ina kifungu kinachoiondolea kampuni wajibu wa kulipa pindi gari linapokuwa limekodishwa kwa fedha, na zipo kampuni zinazovunja mkataba zikigundua kwamba mteja anafanya biashara hiyo bila kuziarifu. Tafuteni mkataba wenu, mkae mezani nyote wawili, msome sehemu inayoeleza mambo yasiyolipiwa. Wakati mgeni yuko barabarani, kinga yenu itakuwa ile inayotolewa kupitia Turo, ambako mwenye gari huchagua mpango mwenyewe: ukitaka kinga kubwa unapokea sehemu ndogo ya fedha anazolipa mkodi, na ukitaka sehemu kubwa unabeba hasara zaidi gari likigongwa. Kwa familia yenye gari moja la mkopo, ambalo mama analitegemea kufika kazini usiku, ningechagua kinga kubwa bila kusita hata kama mapato yanapungua. Ulizeni pia kama mtapata gari la kutumia wakati lenu liko gereji, kwa kuwa matengenezo ya bodi ya magari ya umeme yanaweza kuchukua majuma kadhaa na zamu zako hazitasubiri.

Kabla ya hayo yote, mpigie simu aliyewakopesha. Mikataba mingi ya mikopo ya magari inakataza kulikodisha gari bila idhini ya mkopeshaji. Idhini hiyo uipate kwa maandishi, maana neno la mtu wa simu halitakusaidia siku ya mgogoro.

Ipo njia nyingine ambayo hukuiuliza, nami nitaitaja kwa sababu naiona kila juma katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili wenzetu huku ugenini. Mtu anatangaza gari lake kwa dola kadhaa kwa siku, mwingine anajibu "naomba namba", na jioni ufunguo umekwisha kabidhiwa kwa mtu ambaye hakuna aliyeangalia leseni yake. Tunaita kusaidiana, na nia ni njema kweli, lakini ajali ikitokea hakuna bima inayosimama upande wa yeyote. Kampuni ambayo leo inaitwa Turo ilianza kwa jina la RelayRides, na mwaka 2013 ililazimika kusimamisha shughuli zake katika jimbo la New York kutokana na suala la bima. Ilirudi mwaka 2022 baada ya jimbo kutunga sheria inayohusu watu binafsi kukodishiana magari. Ikiwa kampuni yenye mawakili wake ilikwama hapo kwa karibu miaka tisa, familia yenye mshahara wa zamu itajitetea na nini? Nakusihi usiifuate njia hiyo, hata kwa binamu wa rafiki.

Jambo jingine la kisheria ni fupi. Tangu mwaka 2005 ipo sheria ya shirikisho inayowakinga wanaofanya biashara ya kukodisha magari wasishtakiwe kwa sababu tu gari ni lao, lakini kinga hiyo inaondoka ikiwa ajali imetokana na uzembe wa mwenye gari. Tairi lililokwisha kashata, yaani ile mistari ya mpira inayoshika barabara, ni uzembe. Gari lako lina uzito wa zaidi ya kilo 1,700 na linachomoka kwa nguvu, kwa hiyo tairi zake huisha mapema kuliko za gari dogo la petroli, hasa mikononi mwa wageni wanaotaka kuonja ile kasi. Pima kina cha kashata kila mgeni anaporudi, na uhifadhi risiti za matengenezo.

Huenda mume wako anaikumbuka tarehe 1 Januari 2025. Siku hiyo watu 14 waliuawa New Orleans kwa gari la Ford F-150 Lightning lililoelekezwa kwenye umati, na saa chache baadaye Tesla Cybertruck ililipuka mbele ya hoteli mjini Las Vegas. Magari yote mawili yalikuwa ya umeme na yote yalikuwa yamekodiwa kupitia Turo. Kampuni ilieleza kwamba wakodi hao hawakuwa na rekodi ya jinai ambayo ingewatambulisha kuwa tishio. Sitakudanganya kwamba upo ukaguzi wa kumkinga mwenye gari na mtu wa aina hiyo. Matukio kama hayo ni adimu sana, lakini hofu ya mwenzako isichukuliwe kuwa utoto. Mkae mlizungumze mpaka mkubaliane, kwa sababu gari ni la nyumba nzima.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwa maoni yangu ndilo huamua kama biashara hii itakupa amani au itakunyima usingizi: mgeni wako huenda hajawahi kuendesha gari la umeme maishani mwake. Nilikodisha langu, la aina hiyo hiyo, kwa miaka miwili mjini Dallas. Mgeni wangu wa kwanza, mzee mtaratibu aliyevaa suti, alilizunguka gari mara mbili akitafuta pa kushika mlango, mpaka nilipomwonyesha kwamba upande mpana wa kitasa unabonyezwa kwa kidole gumba ndipo ule mwembamba unapochomoza. Alipokwisha kuketi alitafuta swichi ya kuwasha injini. Nikamweleza kwamba hakuna, na kwamba kadi ile nyembamba aliyoshika ndiyo ufunguo, inayogusishwa kwenye nguzo katikati ya milango miwili na kisha kuwekwa nyuma ya sehemu ya kuwekea vikombe. Alipoondoka aliachia kanyagio kama alivyozoea katika gari lake, nalo likapunguza mwendo kwa ghafla kama lililopigwa breki, kwa sababu mota hurudisha umeme kwenye betri dereva anapoinua mguu. Aliyekuwa nyuma yake akapiga honi kwa hasira. Tangu siku hiyo sikumkabidhi mtu kadi kabla ya kuzunguka naye maegesho mara moja.

Dakika kumi hizo zinatosha kwa mengi. Mwonyeshe soketi ya chaji iko wapi na jinsi waya unavyochomolewa, maana wageni huuvuta kwa nguvu wakidhani umekwama. Mwonyeshe namna ya kufungua mlango umeme ukikosekana. Mweleze kwamba akichaji kwenye kituo cha Supercharger, yaani kile cha Tesla cha kuchaji haraka, gharama inakwenda kwenye akaunti yako na utamdai, na kwamba gari likishajaa likaachwa limechomekwa, kituo kinapokuwa na shughuli hutozwa nusu dola kwa kila dakika, na dola nzima kikiwa kimejaa. Mgeni mmoja alikwenda kula chakula cha jioni akaniachia deni la dola 38, naye alishangaa kwa dhati, kwani hakuna aliyekuwa amemwambia. Kosa lilikuwa langu.

Kwenu Minnesota baridi ndiyo mwalimu mkali. Model 3 ya mwaka 2022 ya magurudumu ya nyuma kwa kawaida ina betri ya lithiamu yenye chuma na fosfati, ambayo Tesla inashauri ichajiwe hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa juma, tofauti na aina nyingine zinazoshauriwa kuishia asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Ni betri inayovumilia, lakini haipendi baridi. Usiku wa Januari, nyuzi zikiwa 20 chini ya sifuri, chaji huingia polepole sana mpaka betri ipate joto, na masafa hupungua kwa kiasi cha kumtisha asiyejua. Mwagize mgeni aingize kituo cha chaji kwenye ramani ya gari kabla hajafika ili gari lianze kuipasha betri moto njiani, na usiku aliache limechomekwa hata kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Asiyekuwa na mahali pa kulichomeka usiku, mimi nisingempa gari lako kati ya Desemba na Februari.

Futa anwani ya nyumbani kwenye ramani na uondoe orodha ya simu zako kabla ya kila mgeni. Unapomfuatilia kwa simu, mwambie wazi kwamba unaona gari lilipo.

Nikijumlisha yote, dada yangu, ningeanza mwezi wa Mei, kwa mgeni mmoja au wawili kwa mwezi, baada ya kupata idhini ya mkopeshaji na majibu ya kampuni ya bima, kisha ningemwonyesha mume wangu daftari la mapato na matumizi kabla ya baridi kurudi.

SWALI: Mgeni amenirudishia gari likiwa na asilimia 6 ya chaji, nami nilimpa likiwa na 90. Naweza kumtoza?
Mwanafunzi kutoka Tanga, Houston

JIBU: Unaweza, ikiwa sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo lako kabla hajakodi, na ikiwa una picha za skrini zinazoonyesha asilimia wakati wa kumkabidhi na wakati wa kupokea, kila moja ikiwa imepigwa siku yake kupitia programu ya kampuni. Bila picha ni neno lako dhidi ya lake. Kwa wageni wajao, weka kiwango kinachowezekana: mtu anayekimbilia ndege hawezi kurudisha gari likiwa na asilimia 90, lakini 30 anaweza, na zitakutosha kufika nyumbani.

SWALI: Je, fedha za kukodisha gari zinatozwa kodi hapa Marekani?
Msomaji wa Columbus, Ohio

JIBU: Ndiyo, zinatangazwa kama mapato mengine, hata kama kampuni haikukutumia fomu yoyote. Kwa upande mwingine unaruhusiwa kuondoa gharama zinazohusu siku za kukodisha: umeme, kuoshwa kwa gari, sehemu ya bima, na uchakavu. Weka daftari la maili linalotenganisha safari zako na za wageni tangu siku ya kwanza, kisha mpelekee mhasibu.

SWALI: Nina Nissan Leaf niliyoiagiza Japani, yenye betri ya kilowati-saa 24. Naishi Nairobi, barabara ya Thika. Wakala mmoja anataka nimpe niikodishe kwa watu wa wikendi, wajiendeshee wenyewe. Mnasemaje?
Baba wa Kasarani

JIBU: Ndugu yangu, huko kwenu hofu ya mume wa yule dada wa Minnesota ina mashiko zaidi. Tumesikia mara nyingi gari likikodiwa kwa siku mbili na kuishia kuwekwa rehani kwa wakopeshaji wanaoitwa shailoki, au kuvushwa mpaka. Logbuku, hati ya umiliki wa gari, isitoke nyumbani, nakala ya kitambulisho na leseni ya mkodi uwe nayo wewe mwenyewe badala ya kumwachia wakala, na bima ibadilishwe iwe ya gari la kukodisha, kwa kuwa ya matumizi binafsi haitalipa.

Kuhusu gari lenyewe, hesabu vile vipau 12 vya afya ya betri vilivyo pembeni ya kipimo cha chaji. Leaf ya kizazi hicho haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na iliyokwisha kupoteza vipau vitatu au vinne itamfikisha mkodi Westlands na Karen na kumrudisha, pengine na Kiambu. Kama skrini bado ni ya Kijapani, onyo la chaji kuisha linaweza kuja kwa maandishi asiyoyasoma, basi mwandikie karatasi ya Kiswahili uibandike chini ya dashibodi: asilimia 20, rudi nyumbani. Mpe pia waya wa kuchaji na orodha ya vituo vyenye plagi ya CHAdeMO, ile ya kuchaji haraka inayoingia kwenye Leaf, kwa sababu si kila chaja ya mjini inaingia kwenye gari lako.

Wa wikendi wengi watataka kwenda Naivasha. Barabara inapanda hadi Limuru na kuendelea juu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, na wakati wa kurudi mlima ule ule unawangoja na familia nzima ndani ya gari. Hao waelekeze wakakodi gari la petroli.